Chale Mbichi Haivuki Kizingiti

Katikati ya paji langu kuna kovu la mviringo, ukubwa wa ncha ya kidole gumba. Wageni hudhani niliungua utotoni kwa uzembe. Sikuungua, nilichomwa, nikakaa kimya nikichomwa, na aliyenichoma ni shangazi yangu, dada yake baba, kwa chuma kilicholala motoni mpaka kikawa chekundu. Ndiyo alama yetu Wagogo. Mtu akiiona anajua umetoka wapi kabla hata hamjaitikiana "mbukwa". Siku ile nililia baadaye, nyuma ya zizi, ambako hakuna aliyeniona, na mpaka leo sijutii lile kovu hata kidogo.

Shangazi ndiye aliyekuwa mchanjaji wa kilima chetu kizima, upande wa Zuzu. Mbali na alama ya paji, aliwachanja chale wasichana waliovunja ungo, mikato midogo ya begani na tumboni. Katika kazi hiyo hakutaka mzaha. Kisu kilipita motoni mbele ya macho ya watu kila alipomaliza msichana mmoja na kumwita mwingine. Majivu ya kupaka yalitoka kwenye mavi ya ng'ombe yaliyoungua hadi moto ukajizimia wenyewe, meupe kama unga. Ukimuuliza kwa nini lazima yawe meupe, alijibu kwamba ndivyo alivyofundishwa na kwamba maswali ni ya watu wasio na kazi. Na ukishachanjwa ulikaa ndani. Chale mbichi haivuki kizingiti, alisema, kwa kuwa jeraha ni mlango ulio wazi na nje kuna macho ya kila namna. Gaga likidondoka, unatoka.

Wakati huo Wadachi walikuwa wanaipeleka reli magharibi. Walisimamia wao, lakini walioinua tuta kwa majembe ni watu weusi kama sisi, na baba yangu alikuwa miongoni mwao kwa ajili ya kodi, kambi ya mbele huko, hatukumwona mwezi hata mwezi. Mama alikwisha kufa. Tulilelewa na shangazi, mimi na mdogo wangu wa kike. Mimi nilikuwa mwari tayari. Yeye alikuwa katika umri ule ambao msichana hujitazama kwenye maji ya hori mpaka ng'ombe wanasubiri wakiwa na kiu.

Asubuhi tulipeleka maziwa kambini. Hapo alikuwepo mama mmoja mpishi aliyefuatana na mumewe kutoka mbali magharibi. Mikononi mwake, tangu kiwiko hadi kifundo, ilishuka mistari myembamba, myeusi tii, imenyooka kama nyuzi za mfumaji. Ilipendeza, siwezi kusema uongo. Chale zetu zikipona huwa vinundu vya rangi ya ngozi tu, uzione ukiwa karibu. Zile za mpishi ulizisoma toka ng'ambo ya kambi. Mdogo wangu alizikodolea macho akasahau maziwa yaliyokuwa yanamwagika.

Alikuwa na rafiki yake, binti wa jirani, wa rika lake, pua na mdomo. Siku moja wakamwomba yule mpishi awachore.

"Hizi zina mwenyewe wa kuzichora," akawajibu, "naye yuko kwetu. Kunyweni uji mwende zenu, wanangu."

Wakanywa uji. Kwenda zao, wakaenda kupanga. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini hao wawili waliona methali hiyo ilitungiwa watoto wa wengine.

Kigae walikiokota kwenye jalala la wasimamizi wa reli, kipande cha chupa ya pombe yao, chenye makali kuliko kisu chochote cha kilimani. Kazi ilikuwa kupata weusi. Wakafikiri hivi: shangazi hupaka majivu ya mavi ya ng'ombe, mavi yakiungua sana yanakuwa meupe, basi yakiungua kidogo yatakuwa meusi. Kwa mtoto aliyekulia zizini hesabu hiyo haina kasoro. Mtoto asiyejua zizi asingeifikia kamwe. Wakaenda kwenye moto unaofuka wa kufukuzia mbu wa ng'ombe, wakachota mavi yaliyoungua juu na bado mabichi chini, wakayaponda kwa jiwe, wakayatemea mate yakawa uji mweusi. Wakachanjana mchana, kichakani, wakati ng'ombe wamelala kivulini. Walitumia kigae kilekile makusudi, bila kukifuta, ili damu zao zichanganyike wawe ndugu.

Mdogo wangu alirudi nyumbani amejifunika kaniki mpaka shingoni, jua la kiangazi likiwaka. Shangazi akaivuta kaniki. Alimpiga kwanza, akauliza baadaye. Kisha akampeleka chumba cha ndani kabisa cha tembe, akamtandikia ngozi, akasema ndio mwisho wa kuona jua mpaka magaga yaanguke. Kule kwa jirani, rafiki yake naye akafungiwa, kwa desturi hiyohiyo.

Mwanzoni tulicheka. Nilimpelekea ugali wa uwele na mlenda, nikamwambia amekuwa mke wa fundi reli, akanionyesha mkono kwa maringo. Mistari ilikuwa imepinda kama njia ya mbuzi. Yeye aliiona imenyooka.

Kisha mkono ukaanza kuvimba. Ukawa moto, ngozi ikang'aa, na pale penye mistari pakatoka maji ya njano yenye harufu. Shangazi alipaka samli. Harufu ikazidi. Kwapani pakafura mtoki, naye akawa hali chakula, anatetemeka mchana wa joto na kutoa jasho usiku wa baridi. Asubuhi moja nilipombadilishia kaniki nikaona mstari mwekundu ambao hakuna aliyeuchora, unapanda kutoka kiwikoni kwenda begani. Niliogopa sana. Na mimi nikiogopa huwa nakasirika, ndivyo nilivyoumbwa.

"Shangazi, huyu atakufa humu ndani."

"Nani amekuambia?"

"Mkono wake. Unanuka."

"Chale za wizi lazima ziume. Gaga litakauka."

"Gaga liko wapi? Hakuna gaga, shangazi, kuna usaha mtupu. Kule Mvumi kwa wamisheni wanatibu vidonda. Mpishi amesema walimpeleka huko mtu aliyevunjwa mguu na taruma la reli, akarudi anatembea."

"Na njiani je? Chale mbichi, wazi, apite mbele ya macho ya kila mtu, avuke njia za ng'ombe? Unataka kumuua mdogo wako uniambie mimi ndiye niliyemuua?"

Lazima niseme alimpenda. Watu wakisikia habari hii humfanya shangazi kuwa mchawi, na hukasirika nikiwakataza. Usiku alimkumbatia akamfutia jasho kwa mikono yake. Ila aliiamini desturi yake kama alivyoamini kwamba jua litachomoza, na mtu wa namna hiyo humbadilishi kwa maneno.

Kwa hiyo sikuongeza neno. Alipokwenda kisimani kuchimba maji mchangani, kazi inayochukua asubuhi nzima wakati wa kiangazi, nilimfungua punda wake, nikamwinua mdogo wangu nikampakia. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Pale kizingitini alinishika kanga ya shingoni.

"Dada, shangazi alisema nisivuke."

"Mimi ndiye ninayevuka. Wewe umebebwa tu."

Sikujua kama hoja hiyo ina maana yoyote. Ilimtosha, akainamisha kichwa nisimgonge juu ya mlango, tukatoka.

Nilipitia kwa jirani. Nilitaka kuwachukua wote wawili, punda alikuwa na nguvu. Mama yake yule rafiki alitoka mlangoni mikono imejaa unga.

"Mbukwa, mama. Nipe na wa kwako niende naye."

Akamtazama mdogo wangu juu ya punda, juani, mkono wazi, akarudi nyuma hatua.

"Mwanangu, umefanya nini? Mrudishe ndani!"

"Utazame mkono huu, mama."

"Masikini. Wangu hana hata uvimbe, anaendelea vizuri. Leo tu kinywa kimekuwa kizito, anasema taya limechoka. Ni kulala sana ndani. Nimempa maziwa kwa kata ndogo."

Nilimsihi tena. Akatikisa kichwa, akaniombea heri, akafunga mlango wa fito. Nami moyoni nikashukuru kwamba yule hali yake ni nafuu. Taya kuchoka, hilo lilikuwa jambo gani mbele ya mkono unaonuka?

Njia ile sitaisahau. Tulifuata tuta la reli mpaka Dodoma, ambayo ilikuwa boma na mahema na vumbi, tukapita vichaka vya Makole mahali ambapo sasa watu wamejenga nyumba za bati, tukakata kusini-mashariki kuelekea Mvumi. Punda alikuwa na tabia ya kusimama kila akiona mgunga, kana kwamba amekodishwa na mgunga ule. Nilimpiga, nikamtukana, nikambembeleza. Tulilala kwa watu wasiotujua, bibi mmoja alitupa uji wa mtama na hakuuliza chochote isipokuwa kama punda ni wetu. Mdogo wangu alipayuka kwa homa. Na hata hivyo, nilipotaka kuufunga mkono kwa majani, aliuvuta.

"Usifute, dada. Mistari itafutika."

Nilimwambia akinyamaza nitamnunulia ushanga. Kumbe nilikuwa nalia, nikajifanya ni vumbi.

Misheni ilikuwa nyumba chache za udongo na kanisa la nyasi. Mganga wao alikuwa mama wa Kizungu, mkavu, mrefu, aliyesema Kigogo cha kuokotaokota na kutuamkia jioni kwa salamu ya asubuhi. Hakupoteza muda na pole. Alichemsha kisu ndani ya sufuria mpaka nikafikiri anakipika. Kisha akanionyesha kwa mkono nimlalie mdogo wangu kifuani.

Nikamlalia. Alipopasua, usaha ulitoka kwa nguvu, na mdogo wangu akapiga kelele iliyowatoa njiwa paani. Akaniuma bega. Sikumwachia. Yule mama alikwangua nyama nyeusi iliyokwisha kufa, pamoja na mistari yote, akaosha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kwa dawa ya rangi ya zambarau, akaacha kidonda wazi kipumue chini ya kitambaa. Alifanya hivyo kila siku, akanifundisha nami nifanye. Mstari mwekundu ulisimama begani, ukakaa hapo, kisha ukaanza kurudi ulikotoka. Asubuhi aliyoomba ugali nilitoka mbio nikausonga mwenyewe. Mkono ule ulipona ukawa na ngozi laini inayong'aa, bila mstari hata mmoja, naye alisagia mtama mpaka akawa na wajukuu. Lakini hayo ni ya mbele.

Siku ile ya ugali, yule mama alikuwa anakunja vitambaa akaniuliza walitumia nini kuchanjia. Nikamweleza kigae. Nikamweleza mavi ya ng'ombe yaliyoungua nusu. Akaacha kukunja.

"Nani mwingine?"

"Rafiki yake. Ila yeye hajambo, hakuvimba. Kinywa tu kilikuwa kizito."

"Kizito vipi?"

Nikamwonyesha: taya limekaza, maziwa anapewa kwa kata ndogo. Akakaa kitako juu ya sanduku. Alitafuta maneno ya Kigogo kwa muda mrefu, akayapata machache.

"Huyo, dawa yake mimi sina. Walio na kinywa hicho wengi wanakufa. Mlete hata hivyo. Na kama kuna mwingine amekatwa kwa kigae hicho, mlete huyo kabla kinywa hakijafunga, tukate, tuoshe. Kabla. Umesikia?"

Nilisikia. Nilimwacha mdogo wangu akiwa na kipande cha ugali mkononi, nikaondoka na punda jua likiwa bado juu. Safari hii punda hakusimama kwenye migunga. Labda aliona uso wangu.

Nilijua kabla sijafika. Kutoka bondeni niliona wanawake wamekaa nje kwa jirani, vichwa vimenyolewa, na hakukuwa na moshi. Pepopunda lilimkunja yule mtoto mgongo mpaka, walisema, kisogo kikatafuta visigino, na akili zake zilikuwa timamu hadi mwisho, anaona kila mtu, hawezi kusema. Walikuwa wamemzika.

Shangazi alikuwepo. Aliponiona peke yangu na punda alishika kichwa.

"Na wa kwetu?"

"Yu hai. Anakula."

Alifumba macho. Nilidhani atanishukuru. Badala yake mwanamke mmoja kati ya wale waliokaa akasema, kwa sauti ya kusikika na wote, kwamba kumbe ndivyo: mmoja alivushwa kizingiti akapona, na kifo kilichokuwa chake kikaingia nyumba ya pili kumtafuta mwenzake wa damu. Wengine wakaguna kuitikia. Shangazi hakuguna, lakini hakukataa pia. Akanigeukia akasema polepole, "Unaona ulichokifanya?"

Damu ilinipanda. Nilitaka kuwatukana wote, wazee kwa vijana, na midomo yangu ilikwisha kufunguka. Sijui nini kilinizuia. Nadhani ni lile neno la yule mama mkavu: kabla. Kugombana kungekula mchana wote. Nikawapita, nikainama, nikaingia ndani.

Mama wa marehemu alikuwa amekaa karibu na jiko lililozimwa, amenyolewa, amepakwa majivu. Kwa desturi yetu mama aliyefiwa na mwana hatoki ndani mpaka pombe ya kuondoa tanga inywewe. Nikapiga magoti.

"Mama, nimekuja kulia nawe, nitalia. Lakini kwanza niambie. Nani mwingine alikatwa na kile kigae?"

Alinitazama kana kwamba nimesema lugha ya Wadachi.

"Nani mwingine, mama?"

Pembeni yake, kwenye ngozi, alilala binti yake mdogo, ambaye meno yake ya mbele yalikuwa ndiyo kwanza yanaota upya. Mama aliinua kaniki ya yule mtoto begani. Palikuwa na mkato mmoja, mfupi, mweusi. Alikuwa amemlilia dada yake ampe na yeye, na dada alimchora kumnyamazisha.

"Nimeuona jana," mama akasema. "Nilikuwa nikimvua shanga za dada yake."

"Anafungua kinywa?"

"Anafungua."

Nikamwambia yote aliyosema yule mama wa Mvumi, na lile la kwamba dawa hana. Sikutaka kumdanganya. Nikamwambia nitampeleka mimi, yeye akae na msiba wake. Akasimama, akaokota ubeleko, akamweleka mtoto mgongoni, akafunga fundo kifuani. Nje wanawake waliposikia nyendo waliinuka. Shangazi aliwahi mlangoni, akasimama kwenye kizingiti, mkono huku na mkono huku.

"Mwenzangu, kaburi bado bichi. Na huyo mgongoni ana chale. Mambo mawili kwa mara moja! Utatumaliza."

"Yule wa kwanza nilikaa naye ndani kama mlivyoniambia," mama akamjibu. Hakuinua sauti. "Sikumtoa hata kumwonyesha jua. Nipishe."

Mikono ya shangazi ikashuka, akapisha.

Mama alikataa kupanda punda, wala hakutaka kumpandisha mtoto. Alitaka kumsikia mgongoni. Tulikwenda kasi, kichwa chake kilichonyolewa kikipigwa na jua, watu wa njiani wakijitenga walipomwona. Kila baada ya muda alisimama, akamzungusha mtoto mbele.

"Fungua kinywa."

Mtoto anafungua. Mama anachungulia, anampa tone la maziwa, tunaendelea. Tukapita Dodoma, tukaingia Makole, na mtoto akaanza kuchoka na mchezo huo. Kwanza alitoa ulimi. Kisha akakunja uso. Tulipovuka mchanga wa mto mkavu na kuliona paa la kanisa kwa mbali, alikataa kabisa.

"Mama, nimechoka kufungua."

"Fungua."

"Mdomo unauma."

Mama akaganda. Nami nikaganda. Alimshika mashavu kwa mikono miwili, majivu ya msiba yakimdondokea mtoto usoni, na yule mtoto, kwa hasira, akafungua kinywa chote mpaka tukaona kilimi, akapiga ukelele wa kuwakimbiza kanga vichakani. Mama akacheka na kulia pamoja.

"Tena, mwanangu," akasema. "Piga tena."